Watu wa Kukaa Tu

Oda iliingia saa nne usiku, siku ya Jumanne. Kurasa nane, vyanzo visivyopungua kumi, Kiingereza cha Marekani, siku tatu. Mada: mabadiliko ya miunganisho ya mitandao ya ubongo uliotulia kwa wagonjwa wa Alzheimer. Malipo, shilingi 300 kwa ukurasa. Mwenye akaunti, jamaa wa Nairobi ambaye hadi leo sijamwona uso kwa uso, aliniandikia kwenye WhatsApp: "Katana, hii ni ngumu kidogo. Utaweza?" Nikamjibu nitaweza. Mimi hujibu hivyo kila wakati. Nimewahi kuandika kuhusu ushuru wa Kanada na kuhusu kukauka kwa saruji, na yote mawili sikuyajua hadi nilipolipwa niyajue.

Kwa asiyeijua kazi hii: kuna wanafunzi ng'ambo wasiotaka kuandika kazi zao za chuo, na kuna Wakenya wenye Kiingereza na njaa. Katikati kuna tovuti, na kati ya tovuti na mimi kuna mwenye akaunti, ambaye hukata chake kwanza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nyumbani nilisema ni karo, na kweli karo ilikosekana. Lakini kabla ya karo kukosekana nilikuwa nimeshaacha kuingia darasani, na hilo sikumwambia mtu. Kwa hiyo shahada sina, ila kuna watu kadhaa huko nje wanaotembea na vipande vya shahada nilivyowaandikia mimi. Sijivunii. Nasema tu ilivyo.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kijijini, huku Kilifi, mwendo mrefu wa bodaboda kutoka kwenye lami. Kodi ya chumba Mtwapa ilikuwa imenishinda, na familia ilihitaji mtu wa kukaa na Nyanya. Kikao hakikuchukua muda. Shangazi zangu wana kazi, baba mdogo ana duka, binamu zangu wana watoto wadogo. "Si Katana yupo?" wakasema. "Yeye si anakaa tu?"

Neno hilo kwetu lina watu wake. Ni la kijana asiye na kazi na la mzee aliyeishiwa nguvu. Ukipiga simu nyumbani uulize, "Nyanya anaendeleaje?" utajibiwa, "Yupo, anakaa tu." Na Katana? "Naye yupo, anakaa tu." Basi tukawa wawili. Asubuhi nilimtandikia mkeka chini ya mwembe, yeye akasuka ukili wake, mimi nikaweka laptopu mapajani. Mpita njia angetuona hivyo: mmoja anatazama kioo, mwingine anatazama mbali.

Nimepewa jina la babu yangu, kama ilivyo desturi yetu. Ndiyo maana tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, Nyanya aliniita mume wangu. Ni utani wa bibi na mjukuu, kila mtu huku Pwani anaujua. "Mume wangu, mbona umekuja mikono mitupu?" "Mume wangu, leso utaninunulia lini?" Nikiwa shule ya msingi niliona haya, hasa wenzangu wakiwepo. Nilipoenda chuo aliwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba mumewe amekwenda kusoma na atarudi na bibi mdogo, tena mwenye kucha ndefu asiyeweza kukuna nazi.

Sijui utani ule uliisha siku gani. Hilo ndilo linaloniuma. Aliendelea kutumia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Jioni moja aliniwekea ugali mbele yangu akaniuliza, "Mume wangu, umeuza nazi?" Nikacheka, nikasema nimeuza. Akanyoosha mkono. "Pesa iko wapi?" Nikaendelea kucheka, hadi nilipomtazama usoni. Nyanya hakuwa akicheza.

Nikamwambia ukweli. "Nyanya, mimi ni mjukuu wako. Babu alifariki 2009." Akanitazama kidogo, kisha akapiga ukemi, ule wa kupokea habari ya msiba, kwa sababu kwake ilikuwa habari. Majirani walikuja mbio wakidhani kumetokea jambo. Baada ya siku mbili aliniuliza tena kuhusu nazi, nami nikamwambia tena. Nilimfisha babu yangu mara nne mbele ya mkewe, na kila mara nilijiona mkweli.

Hospitali ya kwanza tulikompeleka walisema ni uzee. Hawakumgusa. Ya pili tulimpata daktari kijana, mpole, aliyemchukua damu na kutuuliza maswali mengi, kisha akampa Nyanya kalamu na karatasi achore saa. Nyanya aliishika kalamu kama unavyomshika mdudu usiyemjua. Hakuwahi kwenda shule, na maisha yake yote amesoma saa kwenye kivuli. Daktari naye akaona. Akaiweka karatasi kando, akatuambia ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba kwa maelezo yetu huenda ni Alzheimer. Dawa ya kuuponya hakuna. Tukapanda matatu tukarudi.

Oda ilinikuta wiki moja baadaye.

Nilianza kusoma nikitafuta kurasa nane tu. Jambo la kwanza lililonisimamisha ni hesabu. Ubongo una takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Ungedhani mtu akipumzika matumizi hayo yanashuka. Hayashuki. Na ukimpa kazi ngumu ya kufikiri, nishati inayoongezeka ni kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 5. Yaani gharama kubwa ya ubongo ni ile ya kukaa tu.

Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis waliandika juu ya jambo hili. Kulikuwa na sehemu za ubongo zilizokuwa zikiwashangaza: mtu akipewa kazi zinapunguza mwendo, akiachwa alale pale kwenye mashine bila shughuli, zinarudi juu. Waliiita hali ya msingi ya ubongo. Leo tunajua sehemu hizo hufanya kazi kama mtandao mmoja. Ndio unaohusika mtu anapokumbuka mambo yake ya zamani, anapowazia kesho, anapojiuliza mwenzake anafikiri nini, anapojiona kuwa yeye ni yeye. Kazi zote anazofanya mtu aliyekaa chini ya mwembe akitazama mbali.

Unajuaje kwamba sehemu mbili za ubongo zimeunganishwa, na hujampasua mtu kichwa? Niliandika jibu kwa Kiingereza cha kulipiwa; kwa Kiswahili ni hivi. Ukisimama usiku kilimani ukaona nyumba mbili mbali na nyingine, na kila taa za hii zikififia za ile nazo zinafifia, zikiwaka zinawaka pamoja, utasema nyumba hizo ziko kwenye laini moja ya stima, hata kama waya huuoni. Mashine ya MRI hutazama damu yenye oksijeni ikipanda na kushuka polepole katika kila sehemu. Sehemu zinazopanda na kushuka pamoja, husemwa zimeungana. Bharat Biswal na wenzake huko Wisconsin walionyesha hilo mwaka 1995: sehemu za kushoto na kulia zinazoendesha mikono ziliitikiana wakati mikono yenyewe imetulia kabisa.

Halafu 2004, Michael Greicius na wenzake wa Stanford wakalinganisha wazee wazima na wazee walio katika hatua za mwanzo za Alzheimer. Kwa wagonjwa, mtandao ule wa kupumzika ulikuwa umelegea, hasa kwenye kituo chake kikubwa kilicho katikati kuelekea nyuma, na kwenye hipokampasi, sehemu inayoshika kumbukumbu mpya. Mwaka uliofuata Randy Buckner na wenzake wakaonyesha kwamba ukichora ramani ya mahali protini ya amiloidi inapojikusanya katika ubongo wa mgonjwa, inafanana sana na ramani ya mtandao huo. Kwa nini ugonjwa upapende pale? Wengine wanadhani ni kwa sababu sehemu hizo hazipumziki kamwe, kazi ndiyo inayozichosha. Ni dhana, bado inajadiliwa. Lakini nilipoisoma niliinua macho nikamtazama Nyanya, vidole vikienda vyenyewe kwenye miyaa, na nikaona aibu kwa kila niliposema anakaa tu.

Kitu kingine kikanipata. Kipimo hiki hakihitaji kalamu. Mtu analala, anaambiwa atulie, basi. Profesa na mwanamke aliyesoma saa kwenye kivuli wanapimwa sawasawa. Nilitamani iwe rahisi hivyo. Lakini yale ni matokeo ya makundi, wastani wa watu wengi; huwezi kumlaza mtu mmoja ukatoka na jibu lake. Ni kazi ya utafiti. Mashine zenyewe ziko mijini, na hata ningempeleka Nyanya Mombasa, hakuna ambaye angenionyesha laini yake ya stima imekatikia wapi.

Niliandika ukurasa wa mwisho alfajiri ya Ijumaa. Sijui ni usingizi au nini, niliongeza sentensi mbili kuhusu bibi mmoja wa Pwani ya Kenya ambaye humwuliza mjukuu wake kama ameuza nazi. Kazi ilirudi baada ya saa chache. Mteja anasema aya ya mwisho haihusiani na mada, iondolewe. Nikaiondoa.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja niliamka nikakuta mlango uko wazi na kitanda cha Nyanya kimepoa. Tulimkuta kwa jirani, amechutama mbele ya mafiga yao, leso moja kiunoni, nywele nyeupe wazi. Mtoto wa nyumba ile alikuwa na homa wiki nzima.

Wewe wa Kilifi huhitaji kuelezwa. Mkongwe, macho mekundu ya moshi wa kuni, alfajiri, uani kwa watu, na mtoto mgonjwa ndani. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa panga kwa mambo madogo kuliko hayo, na mara nyingi nyuma ya neno mchawi kuna shamba linalotakiwa. Huko Ganze kuna kituo, Kaya Godoma, ambacho kimekuwa kikiwapokea wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Kufikia adhuhuri vijana watatu walikuwa wameketi kwenye njia ya kuingilia kwetu. Niliwasalimu. Hawakuitikia.

Baba mdogo alisema tumfungie ndani. Hakusema kwa ubaya, alikuwa na hofu. Shangazi alisema apelekwe Mombasa usiku huo huo, lakini kwa nani, hakusema. Mzee wa kijiji akaziita nyumba zote mbili chini ya mwembe wetu, saa kumi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na kurasa nane kichwani. Nikasimama nikaanza, "Wazee wangu, ubongo wa binadamu una mitandao..."

"Mtandao gani, Safaricom?" mmoja wa wale vijana akasema, na watu wakacheka. Nikasimama pale nikitafuta maneno. Yote niliyoyajua niliyajua kwa Kiingereza, na niliyajua kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikaacha hotuba. Kuna jambo moja nilikuwa nimelibeba kutoka kwenye yale masomo: kwamba kumbukumbu za karibuni ndizo hutangulia kupotea, za ujana hubaki nyuma kwa muda. Kwa hiyo mtu kama Nyanya huenda hajapotea njia. Huenda anaifuata njia ya miaka mingine. Tangu asubuhi kila mtu alikuwa amemwuliza kwa nini alikwenda kule. Nikapiga magoti mbele yake. "Nyanya, asubuhi ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nyumbani," akasema, kama anayeshangaa kuulizwa. "Moto ulikuwa umezimika."

Kimya. Kisha mzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliyekuwa ameegemea mkongojo wake nikidhani amelala, akakohoa. "Pale ndipo ilipokuwa nyumba ya Katana," akasema. "Katana babu ya huyu. Kabla shamba halijagawanywa. Huyu mama aliolewa akaingizwa pale pale."

Mama wa yule mtoto aliinamisha kichwa. Baadaye kidogo, bila kuulizwa, akasema kwamba alipotoka nje alfajiri alimkuta Nyanya akipuliza makaa. Hakuwa akifanya lingine. Alikuwa akiwasha moto.

Mtoto alipelekwa hospitali jioni ile ile, ikaonekana ni malaria, akapona. Nisingependa udhani kwamba mambo yaliisha hapo. Wawili kati ya wale vijana sasa tunasalimiana. Wa tatu hapana. Kwa miezi mingi mimi na baba mdogo tulilala kwa zamu mlangoni, na hadi leo mbwa wakibweka sana usiku mimi huamka.

Usiku mmoja wa zamu, baba mdogo aliniuliza, "Ulikuwa unataka kusema nini siku ile, kuhusu mitandao?" Nikamweleza polepole, kwa maneno niliyokuwa nayo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Yaani ni kama simu," akasema. "Chaji iko, laini iko, lakini mtandao unakuja na kupotea."

"Karibu hivyo, Baba. Ila mtandao wa simu hurudi."

Hakusema kitu tena hadi kulipokucha.

Kuna mambo mengine mawili niliyoyasoma ambayo sikumwambia usiku ule, kwa sababu sikutaka kulia mbele yake. Mwaka 2010, Juan Zhou, William Seeley na wenzao wa San Francisco walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer, wakati mtandao wa kupumzika unalegea, kuna mwingine ambao kinyume chake huonekana kukaza: ule unaotuonyesha jambo lipi ni zito, lipi la kuuma, lipi la kufurahisha. Na mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wengi hawakukumbuka walichotazama, lakini huzuni na furaha vilikuwa bado mwilini mwao.

Yaani siku zile nne nilipomwambia Nyanya kwamba mumewe amekufa, asubuhi yake neno halikuwapo tena, lakini msiba huenda ulibaki. Nakumbuka sasa kwamba siku mbili kati ya hizo alikataa kula, nasi tukasema ni ugonjwa.

Mwenye akaunti hulipa mwisho wa mwezi, tena akipenda. Mwezi ule alipenda. Shilingi 2,400 ziliingia kwenye M-Pesa, na mwanafunzi fulani ambaye sitamjua kamwe akawa na kazi nzuri kuhusu ubongo usio na bibi ndani yake. Nilinunua unga, sabuni, bando, na kwa zilizobaki doti moja ya leso, nyekundu na nyeupe.

Nilimkuta Nyanya chini ya mwembe. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaukagua upindo wote kama aliyetumwa na mwenye duka. Kisha akaniangalia.

"Umeuza nazi," akasema.

"Nimeuza."

"Zote?"

"Zote, mke wangu."

Akajifunga moja kiunoni, nyingine akaitupa begani, akarudi kwenye ukili wake. Mimi nikafungua laptopu. Jioni ile hakuna oda iliyoingia. Tulikaa tu.